Mashine imelowa: uitengeneze au ununue nyingine? Mwongozo kwa wafanyabiashara wa Lindi na Mtwara

Maji yakishapungua, mkono unawasha. Unataka kubonyeza swichi uone kama mashine bado hai. Ndivyo nilivyofanya mimi. Mwaka mmoja maji yaliingia kwenye banda langu la kusaga, yakafika magotini, yakalala humo usiku kucha. Siku ya tatu kijana niliyekuwa naye akaigusa mota akaniambia, "Mzee, hii imekauka, ya moto kabisa kwa jua. Washa tu." Nikawasha. Ikanguruma kama sekunde kumi, ikatoa harufu ya vanishi iliyoungua, ikanyamaza. Kabla ya kubonyeza nilikuwa na njia tatu: kuikausha, kuisuka upya (kuitia waya mpya wa shaba ndani), au kununua nyingine. Baada ya kubonyeza zikabaki mbili, na iliyopotea ndiyo ile ya bei nafuu.

Sisi wa Kusini tuna shida moja ambayo miongozo ya kutoka kwingine haiijui. Mvua zetu za msimu huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, na vimbunga vinavyotufikia au kutupita karibu huja mwishoni mwa kipindi hicho au punde baada yake: kile kilichotua Lindi mwaka 1952 kilikuwa Aprili, Kenneth aliyepita karibu yetu na kutua Cabo Delgado, Msumbiji, alikuja Aprili 2019, Hidaya alikuja Mei 2024. Sasa piga hesabu ya mfuko. Fedha ya korosho huingia kuanzia Oktoba, minada inapofunguliwa. Ikifika Aprili imeshakuwa ada, bati na harusi. Janga linakukuta siku ambazo mteja hana hela na wewe huna. Kwa hiyo swali la kutengeneza au kununua, huku kwetu, linaambatana na la tatu: nitavuka vipi mpaka msimu?

Hatua ya 1: Zima, piga picha, usitupe kitu

Zima swichi kuu kabla hujakanyaga maji. Kama swichi kuu yenyewe imezama au unalazimika kusimama kwenye maji kuifikia, iache, waite TANESCO wakate kutoka nguzoni. Wenye sola wasisahau kwamba paneli zinaendelea kutoa umeme jua likiwepo, hata kama TANESCO wamekata mtaa mzima. Jenereta nayo usiiwashe ndani ya banda eti ikaushe chumba. Moshi wake unaua watu kimyakimya.

Kisha piga picha. Kila kifaa mahali kilipo, mstari wa maji ukutani, na kile kibati cha namba kilichobanwa kwenye mota, friza au injini. Kibati hicho kina nguvu ya mashine, volti, mzunguko na namba ya kiwandani. Utakihitaji kwa fundi, kwa muuzaji wa spea na kwa bima. Chumvi ikikila hakisomeki tena.

Na wale vijana wa chuma chakavu watakuja mapema, wengine kabla hata hujapiga deki. Waambie wasubiri.

Hatua ya 2: Jua ni maji gani yaliyoingia

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, na wengi wanaparuka.

Maji ya mvua yaliyotuama si adui mkubwa. Yakikauka vizuri yanaacha uchafu kidogo tu. Maji ya mto, ya Lukuledi au Matandu yakifurika, yanaleta tope laini linaloingia kwenye beringi na kila tundu. Ukilisafisha mapema, vitu vingi vinapona. Maji ya bahari ni habari nyingine. Lita moja ina takriban gramu 35 za chumvi, na maji yakikauka chumvi inabaki pale pale. Kila usiku inavuta unyevu wa hewa na kula shaba na bati. Mashine inafanya kazi wiki mbili, wewe unasherehekea, wiki ya tatu inakufa. Walio Mikindani, Shangani, Kilwa Kivinje na kando ya ghuba ya Lindi ndio wanaolijua hili zaidi.

Hujui ni maji gani? Usionje, maji ya mafuriko yamepita vyooni. Angalia chuma chochote kilichotangulia kukauka: ukiona ukungu mweupe unaosagika kwa kidole kama chumvi ya mezani, jibu umelipata, ni ya bahari.

Kama ni ya bahari, kuna jambo linaloonekana la kichaa lakini ni sahihi: mwagia kifaa maji baridi yasiyo na chumvi, mengi, siku hiyo hiyo, kabla hakijakauka. Hakikisha hakina umeme wala betri. Lengo ni kuitoa chumvi ikiwa bado imeyeyuka. Kwa mota, kwa cherehani, kwa fremu ya friza, ndoo kumi za maji ya bomba siku ya kwanza ni dawa kuliko fundi wa wiki ya pili.

Andika pia kilikaa majini saa ngapi, na kilikuwa kimewashwa au kimezimwa maji yalipofika. Kilichokuwa kimezimwa kina nafasi kubwa zaidi.

Hatua ya 3: Pita kifaa kimoja kimoja

Anza na vile visivyo na mjadala. Breka, fyuzi, soketi, swichi na stata (viwashio vya mota) zilizozama: toa, weka mpya. Usimruhusu mtu akusafishie breka kwa brashi na spiriti akuambie nzima. Kazi ya breka ni kukata siku ya hatari, na hakuna namna ya kuijua kwa kuitazama kama itakata. Ni vitu vya bei ndogo vinavyolinda vitu vya bei kubwa. Betri za lithiamu zilizolowa maji ya chumvi nazo zitoe nje, mbali na nyumba, na usizichaji. Zinaweza kushika moto hata baada ya siku kadhaa. Inveta iliyozama mara nyingi ni ya kuaga. Paneli zenyewe zimetengenezwa kukaa mvuani, zioshe, kagua waya na viungio, mara nyingi zinapona kama kioo hakikupasuka.

Mota za umeme ndizo zinazoleta ubishi, na ndizo zenye matumaini. Fundi aifungue, aioshe, aikaushe kwa joto la taratibu lisilozidi nyuzi 90. Jua peke yake halitoshi. Linakausha ganda, waya wa ndani unabaki na maji, nami ni shahidi. Mafundi wazuri huiweka kwenye sanduku la mbao lenye balbu za zamani za waya kwa siku mbili tatu. Halafu kipimo: kifaa kinaitwa mega, kinapima kama umeme unavuja kutoka kwenye waya kwenda kwenye bodi ya mota. Ikisoma chini ya megaohm 1 haiwashwi, inarudi kwenye joto. Ikigoma kupanda hata baada ya kukaushwa mara ya pili, ni ya kusukwa upya au kuachwa. Beringi badilisha kwa vyovyote vile. Fundi asiye na mega, anayepima kwa balbu na kidole, mshukuru kwa kuja.

Injini ya dizeli, ya kusagia au ya boti, usiizungushe kwa handeli wala stata. Maji hayagandamiziki, silinda ikiwa nayo, pistoni ikipanda, kitakachopinda ni mkono wa pistoni. Toa nozeli kwanza, kisha zungusha taratibu kwa mkono uone kinachoruka nje. Chungulia oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mwaga, weka ya bei rahisi, iwashe dakika chache, mwaga tena, ndipo uweke nzuri. Tangi la dizeli na filta navyo vimwagwe. Injini za dizeli za zamani ni ngumu kufa. Iliyopata huduma ndani ya siku mbili tatu kwa kawaida inarudi kazini, iliyosubiri mwezi inakuwa imeganda.

Friza inadanganya kuliko kifaa chochote. Kompresa yake imefungwa, maji hayaingii kirahisi, kwa hiyo ukibadilisha rilei na termostati inawaka na kugandisha, na mwenyewe unafurahi. Ugonjwa uko ukutani: lile povu gumu lililo kati ya bati la nje na la ndani limenyonya maji, na halikauki. Jirani yangu, mama muuza samaki, alitengeneza friza mbili kwa bei nzuri kabisa. Baada ya mwezi akaniambia, "Baba, LUKU inakimbia kama imeibiwa." Tukapima: uniti alizokuwa akitumia kwa siku kumi sasa zilikwisha siku ya sita. Povu lililolowa halizuii joto, kompresa haipumzi. Kisha ikaja harufu, na mteja wa pweza hasamehe harufu. Kwa hiyo friza iliyozama mpaka juu ya robo ya kimo chake, na imebeba chakula, mimi ningeiacha hata kama inawaka. Jaribu kuinyanyua upande mmoja. Ikiwa nzito kuliko zamani, maji yamo.

Cherehani za miguu osha kwa mafuta ya taa, paka oili, endelea na kazi. Zitakuzika. Za umeme zenye kadi ya elektroniki ni suala jingine, kama ilivyo kwa mashine za kutoa kopi, printa na kompyuta: kadi iliyolowa maji ya bahari ikawa na umeme ndani yake haiaminiki tena. Lakini kabla ya kuitupa kompyuta fikiria kilichomo. Daftari la wadeni wako linaweza kuwa na thamani kuliko kompyuta. Diski usiianike juani na usiijaribu. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni ikiwa na unyevu wake na uipeleke kwa mtaalamu wa kuokoa data.

Viwili vina serikali ndani yake. Mizani ikifunguliwa na fundi lazima ikaguliwe na kupigwa chapa upya na Wakala wa Vipimo kabla hujapimia mteja. Weka gharama hiyo na siku za kusubiri kwenye hesabu. Mashine ya EFD usiifungue wala kumpa fundi wa simu. Toa taarifa TRA na kwa wakala aliyekuuzia mara moja, kwa maandishi, ili siku ulizokaa bila kutoa risiti zisije kukugeukia.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mwaka, si ya leo

Kuna kanuni inayozunguka: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kifaa kipya, nunua kipya. Si mbaya, ila imetungwa kwa watu wenye duka la spea mtaa wa pili. Sisi spea nyingi zinatoka Kariakoo, zaidi ya kilomita 400 kutoka Lindi na zaidi ya 500 kutoka Mtwara, na barabara yenyewe inaweza kuwa imekatika, kama ilivyokatika Kilwa wakati wa Hidaya. Siku za kusubiri ni fedha. Ziandike.

Chukua mota ya HP 20 ya mashine ya kusaga. Bei hizi ni za mfano tu, weka zako. Kusuka upya shilingi 700,000, beringi 80,000. Fundi anataka siku 4, na wewe kila siku banda likilala unakosa 60,000, kwa hiyo ongeza 240,000. Jumla 1,020,000. Mpya ni 2,500,000, usafiri 150,000, itachukua siku 7 kufika na kufungwa, yaani 420,000 ya kulala. Jumla 3,070,000. Ile ya zamani ukiiuza kwa shaba yake upate 150,000, inabaki 2,920,000.

Kwa kanuni ya nusu, 780,000 kwa 2,500,000 haifiki hata theluthi, tengeneza. Sasa gawa kwa miaka. Mpya itakupa tuseme miaka 10: shilingi 292,000 kwa mwaka. Iliyosukwa baada ya maji ya bahari, chumvi ikiwa imeshaingia kwenye bodi na shafti, fundi mkweli atakuahidi miaka 3: shilingi 340,000 kwa mwaka. Ya bei rahisi imekuwa ghali. Lakini badilisha jambo moja tu, sema yalikuwa maji ya mvua na mota itaishi miaka 6. Inashuka hadi 170,000 kwa mwaka, na kununua mpya kunakuwa kutupa hela. Ndiyo maana nilianza na maji.

Halafu jiulize kikisimama hiki, nini kingine kinasimama. Feni ya saluni ikifa mteja atajipepea. Mota ya kusagia ikifa kila mtu anakwenda kwa mwenzako, na wateja wa kusaga wakishazoea njia nyingine kuwarudisha ni kazi. Kifaa ambacho biashara yote inaning'inia juu yake kipewe kipimo kikali zaidi: hata kama kukitengeneza ni nafuu kidogo, chukua kinachoaminika.

Hatua ya 5: Kama hela haipo, tengeneza kwa kuvukia

Hesabu inaweza kusema nunua na mfuko ukasema kwendraa. Hapo kuna njia ambayo nimeiona ikifanya kazi: tengeneza sasa kwa kiwango cha kukuvusha, ukijua kabisa kwamba unanunua miezi na si miaka. Usiweke spea za kifahari. Kila siku ya kazi toa kiasi, weka kando. Minada ikianza na watu wakapata hela, nunua mpya. Ile iliyosukwa inabaki ya akiba, imefunikwa na kupakwa grisi. Hatari ya njia hii ni moja. Desemba ikifika mashine bado inaunguruma vizuri, na moyo unakuambia bado ipo ipo. Andika tarehe ukutani.

Kwa mtaji, ulizia SIDO, wapo mikoa yote miwili na mikopo yao inalenga wenye viwanda vidogo. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vina ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 kwa 4 kwa 2, ambayo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Mchakato wake unachukua muda, usiutegemee kwa mota ya wiki ijayo. Mkopo wa haraka wa riba ya kila wiki uchukue tu kwa kifaa kinachoingiza hela kila siku, si kwa printa.

Hatua ya 6: Bima, hata kama unadhani huna

Uliwahi kuchukua mkopo benki ukiweka mashine au mzigo kama dhamana? Rudi ukasome mkataba. Mara nyingi ulikatwa hela ya bima na hukuambiwa ukaelewa. Soma kama inagusa mafuriko na dhoruba, kwa sababu bima ya moto peke yake mara nyingi haigusi maji mpaka iwe imeongezwa.

Toa taarifa siku hiyo hiyo kwa maandishi, na usitengeneze wala kuuza kitu kabla mthamini hajakiona. Kuosha kuzuia hasara isikue unaruhusiwa, ila piga picha kwanza. Uliza watalipa bei ya kifaa kipya au thamani yake ya siku ya janga, maana hapo uamuzi wako unaweza kugeuka. Na kama ulikatia bima ya nusu ya thamani ili ulipe kidogo, jiandae kulipwa kwa uwiano huo huo, hata hasara iwe ndogo. Mkishindwana na kampuni, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na ipo TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni zote za bima.

Hatua ya 7: Kabla fundi hajashika bisibisi

Chukua bei za mafundi wawili kwa maandishi, zikitenganisha spea na ufundi. Baada ya mafuriko kila mtu anakuwa fundi. Ukikosa wa kumwamini, kaulizie VETA, Lindi na Mtwara wote wapo, walimu wao wanawajua waliotoka mikononi mwao. Kwa nyaya za jengo tafuta mwenye leseni ya EWURA. Mkubaliane: spea za zamani unarudishiwa, kipimo cha mega unaonyeshwa kwa macho yako, na mashine inajaribiwa ikiwa na mzigo, nusu siku, si kuizungusha tupu dakika tano. Nusu ya ufundi ulipe baada ya wiki mbili. Kwa maji ya chumvi wiki mbili ndizo zinazosema ukweli.

Ukinunua kipya, usikirudishe kwenye sakafu ile ile. Mimi nilipaka mstari wa rangi nyekundu ukutani pale maji yalipofika. Mota yangu sasa inakaa kwenye nguzo ya zege, shibiri mbili juu ya mstari, stata na breka ziko usawa wa kifua changu. Mkanda ilibidi ninunue mrefu zaidi, na wateja wapya huuliza kwa nini mashine imepanda juu. Nawaonyesha mstari.